Chupa Moja, Mbuzi Wawili na Mama Mkwe

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nilihamishiwa Mpanda mjini mwaka jana. Sijawahi kufuga hata kuku. Mwezi Februari nilinunua mbuzi jike mwenye mimba. Muuzaji aliniambia ni wa mbegu ya Ulaya, wale wafupi wanaofugwa majumbani, nikamlipa karibu mara mbili ya bei ya mnadani. Mwishoni mwa Machi alizaa mapacha, jike na dume. Kondo la nyuma halikutoka, nikalivuta mwenyewe kwa mkono. Siku ya tatu mama akafa.

Tangu hapo nawanyonyesha kwa chupa ya mwanangu wa miezi tisa. Nawapakata na kuwalaza chali. Kila mmoja anamaliza nusu lita asubuhi kabla sijaenda shule na nusu lita jioni nikirudi. Ni maziwa ya ng'ombe, nachanganya na uji mwepesi wa ulezi na asali kidogo wapate nguvu. Usiku wakilia naamka nawaongezea. Sasa wana siku kumi na mbili. Jike anarukaruka. Dume anaharisha tangu juzi, na akinywa anakohoa.

Mama mkwe tunaishi naye. Anasema nimempokonya mjukuu wake chupa nikampa mnyama, na kwamba kwao mbuzi aliyefiwa na mama huachiwa Mungu. Mume wangu anataka dume tumchinje kabla hajafa. Majirani wananiita Mama Mbuzi. Mwezi wa sita shule zikifungwa nasafiri kwa treni kwenda Tabora kwa wazazi, nani atawanyonyesha? Siku hizi nalia usiku. Niwaache?

Mama Mbuzi, Mpanda

Marahaba mwanangu.

Dume kwanza, mengine baadaye. La dharura nilikutumia kwa simu siku ileile barua ilipofika. Hapa nalirudia kwa sababu najua si wewe peke yako mwenye kitoto cha mbuzi anayeharisha jikoni msimu huu wa mvua.

Mtie kidole mdomoni. Kama mdomo una joto na anakivuta kidole kwa nguvu, bado una nafasi ya kumhudumia nyumbani. Kama mdomo ni wa baridi na ulimi umelegea, usimpe chochote cha kunywa kwanza. Mfunge kwenye khanga kavu, mwekee ubavuni chupa za maji ya uvuguvugu, umkimbize kwa mtaalamu wa mifugo. Kitoto aliyepoa hawezi kusaga maziwa, na ukimlazimisha yatamwingia mapafuni. Joto la kawaida la mbuzi ni kati ya nyuzi 38.5 na 39.5, juu kuliko letu, kwa hiyo mdomo wa mbuzi mzima lazima uuone wa moto kwenye kidole chako.

Akiwa na joto, milo miwili inayofuata mpe maji ya ORS badala ya maziwa, yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, kiasi cha mililita 100 kila mara. Mlo wa tatu rudisha maziwa, nusu ya kipimo, na ORS uendelee kumpa katikati ya milo mpaka kinyesi kiwe kizito. Usichanganye vitu hivyo viwili katika chupa moja. Wala usimnyime maziwa siku mbili nzima ukidhani unalipumzisha tumbo, maana mnyama wa kilo mbili na kitu hana akiba mwilini na atakufa kwa njaa huku wewe ukisubiri apone. Vidonge vya binadamu vilivyobaki kwenye droo viache hukohuko. Ukiona damu kwenye kinyesi, au macho yamedidimia, au amekataa kunyonya, ni kwenda kwa afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Na kwa sababu anakohoa, mpeleke hata kama kuharisha kumekoma, asikilizwe mapafu. Maziwa yaliyoingia mapafuni huleta nimonia, na nimonia haitibiwi kwa ORS.

Sasa tuzungumze kwa nini anaharisha. Ulivyoeleza kwenye barua yako, nadhani ulitegemea niseme maziwa ya ng'ombe hayamfai mbuzi. Yanamfaa, na vitoto wengi wa mbuzi wamekulia maziwa hayo. Tatizo, mwanangu, ni kwamba unawashibisha mno.

Fanya hesabu, wewe ni mwalimu. Mapacha wa mbuzi wetu wa asili huzaliwa wakiwa na kilo mbili hivi kila mmoja, pengine pungufu. Siku ya kumi na mbili, wakikua vizuri, wamefika kilo mbili na nusu. Kitoto wa umri huo anahitaji kwa siku nzima maziwa ya kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, yaani kati ya mililita 375 na 500. Wewe unampa lita nzima, na usiku unamwongezea. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni sawa na kunywa lita 24, zaidi ya ndoo kubwa, kwa vikao viwili. Maziwa yasiyosagwa hushuka matumboni yakiwa mabichi, wadudu wanapata karamu, na matokeo yake ndiyo hayo unayoyafuta sakafuni. Jike naye atafuata usipopunguza. Kurukaruka kwake kusikudanganye.

Ungewaona wakinyonya kwa mama yao ungeelewa. Hunyonya mara nyingi, kidogokidogo, na kabla hawajatosheka mama huwaruka akaenda zake. Chupa haiwaruki. Lazima uwe wewe wa kuiondoa wakiwa bado wanaitaka, na hilo ndilo linalowashinda wenye huruma. Tumbo lao baada ya mlo liwe limejaa na kunyooka ubavuni. Likitokeza nje kama puto, umezidisha.

Kipimo chako cha wiki hii na ijayo kiwe mililita 110 hivi kwa mlo, milo minne kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Baada ya hapo unalala. Vitoto wa umri huo wanaweza kukaa mpaka alfajiri bila kunyonya, na wakikulilia saa nane usiku waache walie. Wakifika wiki ya nne au ya tano, wakiwa na kilo nne hivi, milo inashuka kuwa mitatu ya mililita 200 au zaidi kidogo. Kipimo kifuate uzito wao. Wapime kila Jumamosi kwa ile mizani ya kuning'iniza ya dukani, ukiwatia kwenye kikapu, na uandike kwenye daftari. Kitoto asiyeongezeka uzito kwa wiki nzima ana jambo, hata kama anacheza.

Uji uache. Wala si kwa wiki hii tu. Tumbo la mnyama wa siku kumi na mbili halijawa na uwezo wa kusaga wanga, na ulezi wako unachachia ndani. Asali nayo, hata ingekuwa ya Inyonga inayosifiwa nchi nzima, ni dawa ya dharura ya kupaka kwenye ufizi wa kitoto aliyelegea kwa njaa. Ukiitia kwenye kila chupa inazidisha kuhara.

Namna ya kuwashika ni muhimu kama kipimo. Mbuzi ana matumbo manne, na kwa mchanga kama huyu ni la nne tu linalofanya kazi. Anaponyonya akiwa amesimama, shingo ameinyoosha na kichwa ameinua, kuna mfereji ndani unaojifunga na kuyapitisha maziwa moja kwa moja hadi tumbo hilo la nne. Ukimlaza chali mpangilio wote unaharibika. Mengine yanamwagikia tumbo la kwanza yakaozea humo, mengine yanapotea njia kuelekea kwenye mapafu. Kikohozi cha dume kimeanzia kwenye mapaja yako. Asimame kwa miguu yake, wewe chuchumaa au kaa kwenye kigoda, chupa iwe kwenye kimo cha kiwele cha mama yake, imeinama. Tundu la chuchu nalo likague: ukiipindua chupa, maziwa yadondoke tone tone. Yakitiririka, tundu ni kubwa, ndiyo maana anapaliwa. Maziwa yachemshwe, yapozwe hadi yakidondoka kwenye kifundo cha mkono uyasikie ya moto kidogo bila kuunguza, na yawe hivyo kila siku. Leo baridi kesho moto ni kuhara kwingine.

Nije kwa mama mkwe, kwa sababu nahisi barua yako ilikuwa ya kumshitaki.

Kwenye suala la chupa ana haki, na ningekuwa mimi ningesema kwa sauti kubwa kuliko yake. Wadudu wanaomharisha mbuzi, baadhi yao humharisha mtoto vilevile, na mtoto wa miezi tisa anayetambaa kwenye sakafu aliyoharishia mbuzi yuko hatarini hata kabla chupa haijamfikia. Chupa hiyo sasa ni ya mbuzi, isirudi kwenye kabati la vyombo. Mnunulie mtoto chupa mpya, au bora zaidi umzoeshe kikombe. Kwa mbuzi tafuta na ya pili, iwe chupa ndogo ya soda ya plastiki uliyoifunga chuchu ya mtoto, ili kila mmoja awe na yake mpaka dume apone. Zioshwe kwa sabuni na maji ya moto kila baada ya mlo, zianikwe zimepinduliwa. Sanduku lao la kulalia, kama liko sebuleni, litoke leo. Ukumbini au kwenye stoo kavu isiyo na moshi panatosha, nyasi kavu chini, upepo usiwapige.

Hilo la kuachiwa Mungu usilichukue kwa uchungu. Ukoo wenye mbuzi arobaini na usio na maziwa ya kununua ulikuwa na hesabu nyingine. Ila wazee wafugaji, kabla ya kumwachia Mungu, walijaribu jambo moja ambalo wewe hukulijaribu: walimshika pembe mbuzi mwingine mwenye maziwa, yatima akanyonya. Muulize mama mkwe. Ninaamini analijua, na ninaamini hakuna aliyemwuliza. Na wakati unamuuliza, mwombe mlo wa saa sita mchana uwe wake, kwa sababu wewe utakuwa darasani na mwingine hayupo. Mpe heshima ya kufundishwa kipimo kama ulivyofundishwa wewe, usimwachie tu chupa mezani.

Hilo la kumshika mbuzi mwingine lifanyie kazi kweli. Mtafute jike aliyepoteza mtoto, au aliyezaa mmoja na maziwa yanambakia. Kwa mbuzi, mama humtambua wa kwake kwa harufu katika saa za kwanza, kwa hiyo wa siku kumi na mbili hatapokewa kwa urahisi. Itabidi jike ashikwe mara tatu au nne kwa siku, na wengine hulegea baada ya siku kadhaa, wengine hawalegei kamwe. Katavi ya leo ni mkoa wa wafugaji. Wasukuma waliingia na mifugo yao kwa makundi tangu miaka ya 1970, na kule Katumba na Mishamo ziko familia zilizokuja kutoka Burundi mwaka 1972, nyingi sasa ni raia, nao mbuzi wanawajua. Mtu wa kukuazima kiwele hakosekani. Mlipe kwa pumba au kwa kuchungiana.

Nakusukuma huko kwa sababu ya gharama ambayo nadhani hujaikokotoa. Kumlea kitoto mmoja kwa chupa mpaka aache maziwa kunataka lita 35 hivi. Zidisha kwa bei ya lita mtaani kwako, kisha mara mbili. Kwa jike sina neno, atakuzalia miaka. Kwa dume, ukweli ni kwamba maziwa yatakaribia au kupita bei atakayouzwa. Bado unaweza kuamua kumlea, watu hutumia fedha kwa mambo yenye faida ndogo kuliko hiyo, lakini uamue ukijua. Na yachunguze hayo maziwa yenyewe. Mchuuzi akiyazidisha maji, mbuzi atashiba bila kukua, na daftari lako la Jumamosi ndilo litakalomfichua.

Muuzaji wako nimemweka mwisho wa lawama kwa makusudi, maana fedha hiyo hairudi. Wapo kweli mbuzi wafupi wanaofugwa majumbani Ulaya na Marekani, lakini asili yao ni Afrika Magharibi, hasa Kameruni. Wazungu waliwachukua wakawaweka kwenye bustani za wanyama, na Marekani waliingia kwa njia hiyohiyo katika miaka ya 1950. Kwao Afrika Magharibi wanasifiwa kwa jambo ambalo sisi wa Katavi tungelitamani: wanauvumilia ugonjwa wa nagana unaoletwa na mbung'o. Sijasikia kundi lao Mpanda. Ulichouziwa, kwa maelezo yako ya rangi mchanganyiko na masikio mafupi uliyoniambia kwenye simu, ni mbuzi wetu wa asili wa Afrika Mashariki, ambaye naye ni mfupi, na ambaye mnadani yuko tele. Si hasara ya aina. Anavumilia jua, anakula majani ambayo mbuzi wa maziwa kutoka ng'ambo angeyanusa akaondoka, na mara kwa mara huzaa pacha. Ila usije ukauza watoto wake kwa jina la Ulaya ili kufidia ulichopoteza.

Kuna jambo umeliandika kwa sentensi moja ukapita, na mimi lilinisimamisha. Ulivuta kondo la nyuma kwa mkono mtupu. Kwa kawaida hutoka lenyewe ndani ya saa chache. Likipita nusu siku huitwa mtaalamu, kwa sababu kulivuta huchana mfuko wa uzazi na kuacha vipande vinavyooza. Huenda ndicho kilichomuua mbuzi wako, huenda alikuwa na ugonjwa uliolizuia kondo tangu mwanzo. Kwa vyovyote ulikuwa peke yako na hukuwa umefundishwa. Ninachotaka sasa ni usalama wako. Baadhi ya magonjwa yanayoharibu mimba za mifugo humwingia mtu kupitia majimaji ya uzazi, brusela mojawapo. Ukianza kupata homa inayokuja na kuondoka, jasho usiku, maumivu ya kiuno na viungo, nenda hospitali na umwambie daktari kwa kinywa chako kwamba ulishika kondo la mbuzi. Usipomwambia atakupima malaria na taifodi, atakupa dawa, utarudi nyumbani, na homa itarudi nawe. Siku nyingine vaa glavu, ama zikikosekana mfuko wa nailoni mkononi, na kondo lichimbiwe shimo refu mbwa wasilifikie.

Mumeo mwambie hivi. Kwanza, mnyama mgonjwa hachinjwi kwa ajili ya chungu cha familia, achilia mbali kwamba kilo mbili na nusu za mbuzi, ukitoa ngozi, kwato na matumbo, hazitoshi hata mchuzi wa watu wanne. Pili, kuanzia leo dume ni wake. Akitaka nyama asubiri, na wakati anasubiri ajenge banda. Sakafu ya fito iliyoinuliwa kama nusu mita kutoka ardhini, nafasi kati ya fito ipitishe kinyesi bila kunasa mguu, paa lisilovuja, ukuta upande wa upepo. Usiku wa Juni na Julai Mpanda hubaridi kuliko wageni wanavyodhani, na matope ya mwisho wa masika ndiyo shule ya minyoo. Kabla hajapigilia msumari, apite ofisi ya mtendaji aulize masharti ya kufuga ndani ya manispaa, hasa kuhusu mifugo inayozurura.

Dume asikae beberu. Nalisema kwa mkazo. Beberu aliyekuzwa jikoni haogopi watu, na akipevuka humchukulia mtu kama beberu mwenzake. Akiwa mdogo akikupiga kichwa gotini mnacheka, mwaka mmoja baadaye anamwangusha mtoto. Ahasiwe na mtaalamu akifikisha miezi mitatu hivi, na mtaalamu huyo mwulizeni pia kuhusu pepopunda. Kabla ya hapo msimchezeshe kwa kumsukuma paji la uso, hata kwa utani. Ukichelewa kumhasi, mtenge na dada yake, maana mbuzi hupevuka mapema na jike wa miezi minne anaweza kushika mimba itakayomuua. Jike wako asipandwe kabla ya kukaribia mwaka.

Kuhusu Juni. Ukihesabu kutoka mwishoni mwa Machi, shule zikifungwa watakuwa na wiki kumi au zaidi kidogo, na hapo kitoto aliyelishwa vizuri anaweza kuacha maziwa kabisa. Lakini kazi yake inaanza wiki hii. Watundikieni kwenye kimo cha pua zao tawi la lusina au majani ya viazi vitamu, kidogo, mabichi, ya leo. Watayachezea kabla hawajayala. Maji safi yawepo siku zote hata kama hawayagusi. Kuanzia wiki ya nne wakaribishe pumba za mahindi, konzi moja tu kwa wawili, kavu na isiyo na ukungu. Pumba nyingi kwa mara moja humvimbisha mbuzi akafa usiku mmoja. Mkoa wetu unalima tumbaku, basi yasikaribie majani yake wala maji ya mabomba ya kunyunyizia dawa. Na okota mifuko uani. Ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, ila mbuzi bado anaijua ilipo.

Wiki ya nane punguza mlo wa mchana, siku chache baadaye wa asubuhi, mpaka ibaki chupa ya jioni, nayo uimalizie kwa kuipunguza. Mizani ikisema kilo sita na kuendelea, na wanacheua, na wanakula majani kwa uroho, waachishe. Mizani ikisema kilo nne na nusu, usiwaachishe kwa sababu tu tiketi imeshakatwa, maana hapo mama mkwe ataendelea na chupa mbili kwa siku. Usiwaachishe, usiwahamishie bandani na usimhasi dume katika wiki moja. Kila jambo lipewe siku zake. Wala usipande nao treni, Tabora watakusalimia kupitia picha.

Kabla ya safari, afisa mifugo awaangalie ndani ya kope za chini. Zikiwa nyekundu ni vyema. Zikiwa nyeupe ni minyoo inayonyonya damu, na dawa hupimwa kwa uzito, hapo daftari lako litafaa tena. Wakifika miezi mitatu au minne wapate chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Ugonjwa huo ulithibitishwa Tanzania mwaka 2008 huko kaskazini, tangu hapo umeshuka hadi kusini, na dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo 2030. Sindano moja hukinga miaka mitatu. Ukikosa kuipata Mpanda wakati huo, jina lako liandikwe kwa afisa ili kampeni ikija usipitwe. Na kama siku moja utawapeleka shambani karibu na pori, kumbuka mbung'o. Mbuzi anayekonda huku anakula, mwenye homa za kuja na kwenda, apimwe damu.

Majirani sina la kuwajibu. Mama Mbuzi ni jina zuri kuliko mengi niliyowahi kuitwa.

Kulia usiku nalo nililiona. Una mtoto wa miezi tisa, mji mgeni, mama mkwe ndani, na ulikuwa unaamka saa nane kuwapa mbuzi maziwa wasiyoyahitaji. Punguza hayo ulale. Ikiwa baada ya wiki mbili za kulala bado unalia, mwambie muuguzi siku ya kliniki ya mtoto, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi. Hapo kilio si cha mbuzi, na kina tiba.

Umeniuliza kama uwaache. Jike usimwache kwa lolote, ameshavuka sehemu ngumu: alipata dang'a ya mama siku tatu, tumbo lake ni zima. Dume mpe siku nne za kipimo sahihi na mapafu yaangaliwe. Akinyonya kwa nguvu na kuongezeka uzito Jumamosi, endelea naye. Asipoongezeka na pumzi ikawa ya kuvuta mbavu, mwachie afisa mifugo aamue, na usimwongeze mateso kwa sababu ya aibu ya kushindwa mbele ya majirani.

Wasomaji wa Mpanda mjini, Nsimbo na Katumba: mwenye jike aliyezaa mtoto mmoja mwezi huu na maziwa yanambakia, amwandikie mhariri wa safu hii kabla Aprili haijaisha, nasi tutamwunganisha na mwalimu.